ASKARI WA DAMU WANAPOUSHAMBULIA MWILI

Damu yetu ina chembe nyeupe. Hizi ni askari wa mwili. Askari walio wengi zaidi huitwa neutrofili. Vijidudu vya maradhi vikiingia mwilini, neutrofili huvimeza. Tena huvitupia nyuzi kama wavu na kuvinasa. Wataalamu walieleza habari za wavu huo mwaka 2004.

Lakini kuna ugonjwa uitwao lupasi. Huwapata hata watoto. Hapo askari hao hutupa nyavu ingawa hakuna vijidudu. Mwili huzidhania nyavu hizo kuwa adui, kisha hujishambulia wenyewe. Askari wakichachamaa, ugonjwa nao huzidi. Figo huweza kuharibika.

Dalili ni homa isiyokwisha, madoa mashavuni, vidonda mdomoni, maumivu ya viungo, nywele kukatika, na uso au miguu kuvimba. Mtoto huweza kuwa na chache tu.

Huu si uchawi, wala hauambukizi. Mpelekeni mtoto hospitali apimwe damu na mkojo. Mkojo huonyesha mapema kama figo zimeguswa. Dawa za kuwatuliza askari hao zipo. Mtoto akipata nafuu, msimwachishe dawa bila kumwuliza daktari. Ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu.