Katuni, Kabila na Kamuti: Kweli au Uongo?

Pendekeza katika shule yoyote ya Machakos kwamba wanafunzi wa gredi ya sita wakae nusu siku wakichora katuni kuhusu mila za kwao na za wenzao, uone majibu yatakavyokuja mbio. Mzazi atasema katuni ni za watoto wasiotaka kusoma. Mwalimu mkuu atauliza kwa nini tuamshe mambo ya kabila yaliyolala. Na hakosi mmoja wa kusema kwamba huku Ukambani sote ni Wakamba, sasa huo utofauti mtautoa wapi? Haya umeyasikia, na huenda mengine umeyasema mwenyewe. Tuyapime.

"Machakos ni Wakamba watupu."

Uongo. Shuka Mavoko ujionee. Athi River ina viwanda vya saruji na lile eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lililowekewa sheria mwaka 1990. Mlolongo ina malori ya barabara ya Mombasa, na Syokimau imejaa familia ambazo riziki yao iko Nairobi. Dawati moja huko laweza kukalisha Mkamba, Mluo na Mkisii, na nyuma yao mtoto wa Kimaasai ambaye kwao ni mwendo mfupi tu, upande wa Kajiado.

Hata Wakamba wenyewe hawajawahi kujifungia. Machakos ilikuwa kituo cha kampuni ya Waingereza ya IBEA wakati Nairobi ingali matope na nyasi. Kabla ya hapo wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu, na wengine wakalowea Rabai na Mariakani, ambako vizazi vyao vipo hadi leo. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Mjerumani huyo aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Na ukitaka utofauti wa karibu zaidi, muulize mtu wa Masaku, yaani Machakos, kuhusu Kikamba cha Kitui. Utachekeshwa kabla hujamaliza swali.

"Uchongaji ni urithi wa Wakamba tangu mababu wa mababu."

Nusu kweli, na nusu ya pili ndiyo tamu. Ni kweli Wakamba walichonga mizinga ya nyuki, vijiko na vigoda tangu zamani. Vigoda vya wazee vilivyotiwa nakshi ya waya vimehifadhiwa katika makumbusho mbalimbali duniani. Lakini wale twiga, faru na wapiganaji wanaopangwa mezani kumngoja mtalii ni wa juzi tu. Habari yao inaanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, huko Mwala, ambaye enzi za Vita Vikuu vya Kwanza alifika Tanganyika, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ufundi wa kuchonga vitu vya kuuza. Jamaa zake wakajifunza kwake, majirani wakajifunza kwa jamaa. Baadaye vikaja vyama vya ushirika, Wamunyu kwenyewe na hata Mombasa, ambako Wakamba wana karakana kubwa ya uchongaji kule Changamwe.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho mtoto wa Mwala angekichora ili kusema "hawa ndio sisi" ni kitu ambacho watu wake walijifunza kwa watu wengine, kisha wakakifanya chao kwa bidii hata dunia ikakijua kwa jina lao. Sioni aibu yoyote hapo. Naona hadithi inayokaa vizuri katika visanduku vinne: Munge anaondoka, Munge anamtazama fundi wa ugenini, Munge anarudi, kijiji kizima kina patasi mkononi. Mwalimu akitafuta pa kuanzia warsha hiyo ya nusu siku, aanzie hapa. Mtoto akimaliza kuichora atauliza mwenyewe ni nini kingine "chetu" kilichofika kwa miguu.

Kisha mwalimu ajaribu chakula. Mwambie kila mmoja achore chungu cha nyumbani kwao. Mkamba atachora isyo, Mkikuyu githeri, na mwenye shangazi Tanzania atachora kande. Kisha wayatazame mahindi na maharagwe yaliyomo, wabishane ni chungu cha nani.

"Katuni huharibu usomaji."

Uongo, na uongo huu una historia. Mwaka 1954 daktari wa akili wa New York, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawapotosha watoto. Kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikaketi kusikiliza, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni kali mwaka huohuo. Kwa miaka mingi walimu wa nchi nyingi waliendelea kunyang'anya vitabu vya katuni wakiamini sayansi imeshasema. Ukweli ulikuja kujulikana baadaye. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyeyapekua makaratasi ya Wertham, alionyesha kwamba daktari huyo aliyabadilisha maneno ya watoto aliowahoji na kuyachanganya maelezo yao ili yafuate hoja yake.

Hapa kwetu ushahidi uko mlangoni. Ni wazee wangapi walioanza kulisoma gazeti la Taifa Leo kwa sababu ya katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau? Na mwaka 2010 jarida la katuni la Shujaaz, lenye Boyie na redio yake ya siri, lilianza kugawiwa bure kwa vijana, likiandikwa kwa Sheng. Mwaka 2012 likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Vijana ambao hawangegusa kijitabu cha serikali kuhusu kilimo walisoma mambo yaleyale yakitoka mdomoni mwa Boyie.

"Asiye na kipaji cha kuchora atakaa bure."

Uongo. Leif Packalén wa Finland, ambaye mwaka 1999 aliandika kitabu cha mafunzo pamoja na mchoraji Frank Odoi, na baadaye kingine na Mhindi Sharad Sharma, alisaidia kuieneza njia ambayo watu wasiowahi kushika penseli tangu shule wameitumia Afrika na Asia. Karatasi mbili za A4 zinaunganishwa, visanduku vinne vinapigwa kwa rula, hadithi inaandikwa kwanza, picha zinafuata. Ikikamilika inatiwa wino, inapigwa fotokopi, inabandikwa ukutani palipo na watu. Kichwa cha duara na miguu ya vijiti vinatosha mradi msomaji aelewe nani kakasirika na kwa nini. Tena mtoto mwenye mkono mzuri mara nyingi ndiye anayechelewa, kwa sababu anapamba viatu vya mhusika wakati hadithi haijulikani inaelekea wapi.

Na kabla hujasema vifaa ni ghali: penseli, raba, rula, karatasi.

"Katuni ni kitu cha Wazungu."

Nusu kweli. Hadithi ya picha zilizopangwa kwa visanduku, jinsi tunavyoijua, ina deni kwa Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva aliyechapisha za kwake miaka ya 1830. Lakini kuisoma picha ili utoe maneno si jambo geni hapa. Jirani zetu Wakikuyu walikuwa na gĩcandĩ, kibuyu kilichochorwa alama, na malenga wawili walishindana kufumbuana mafumbo huku alama zile zikiwaongoza. Wakamba nao walichora vibuyu vyao.

Vyovyote vile, kitu kilipofika kilipata wenyewe. Terry Hirst, Mwingereza, alianzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, kisha akatuletea vitabu vya katuni vya Pichadithi, ambamo Lwanda Magere na mashujaa wengine wa ngano waliingia katika visanduku. Katuni ya Bogi Benda ilichorwa na Mganda, James Tumusiime. Golgoti na Akokhan ni kazi za Odoi, na Odoi alikuwa Mghana aliyeishi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012. Mchoraji Gado, aliyetupa Abunuwasi wa Kiswahili mwaka 1996 kupitia wachapishaji Sasa Sema, ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Ukiwatoa wageni katika katuni za Kenya, utabaki na Gitau na wachache wenzake, na kurasa nyingi tupu.

"Wakamba ni wachawi."

Uongo. Najua, unacheka. Kila Mkenya anao mzaha wake wa kamuti, yaani uchawi wa Kikamba, na mtoto wa Machakos aliyehamia shule ya Nairobi ameshatupiwa kabla ya mapumziko ya saa nne. Lakini angalia jinsi tuhuma hii inavyosafiri: Nairobi wanasonta Kitui, Mombasa wanasonta Pemba, Dar es Salaam wanasonta Sumbawanga. Mchawi daima anaishi mbali kidogo na msemaji. Na mzaha ukikomaa huua. Mei 2008 umati wa watu Kisii uliwachoma moto watu 11, wengi wao wazee, kwa tuhuma hizohizo, wala hawakuwa Wakamba.

Hili lisifichwe katika warsha. Mwambie mtoto wa Kikamba achore mara ya kwanza alipoambiwa neno hilo, nani alilisema, yeye akajibu nini, na kisanduku cha mwisho akiache wazi ili mwenzake wa kabila jingine akijaze.

"Kuzungumzia kabila darasani ni kuchochea ukabila."

Uongo, ingawa hofu ya mwalimu mkuu si ya kipumbavu. Waliokuwepo wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi za mwaka 2007 na 2008 wanajua inatoka wapi. Lakini Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unataka mtoto ajifunze heshima na umoja. Hayo hayafundishwi kwa kujifanya hatuna makabila. Mtoto anayasikia nyumbani na kwenye matatu, akifika shuleni anakuta kimya.

Swali halisi ni nani anamchora nani. Mbelgiji Hergé alipoanza kumchora shujaa wake Tintin akiwa Kongo, mwaka 1930, alikuwa hajawahi kukanyaga Kongo. Wakongo wake wana midomo minene na akili ndogo, na mpaka leo kitabu hicho kinabishaniwa; kiliwahi hata kufikishwa mahakamani Brussels. Mfano mchungu zaidi uko karibu nasi. Gazeti la Kangura la Rwanda lilitumia vikaragosi kuwadhalilisha Watutsi kabla ya 1994, na mwaka 2003 mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Anayekuambia katuni ni mchezo tu umwambie aende Arusha akasome hukumu hiyo.

Ndiyo maana kazi ya "kila mtu achore kabila asilolijua" ni mbaya, hata ikitolewa kwa nia njema. Utapata Mmaasai na mkuki na Mluo na samaki, kisha kengele italia. Mtoto aanze kwa kuchora kwao. Akimchora mwenzake, mwenzake awe ameketi hapo, ana penseli, na ana ruhusa ya kusema "sivyo" na kufuta.

"Utani hujenga udugu."

Kweli, kwa sharti moja. Hapa wazee waliona mbali. Tanzania wanao utani wa makabila hadi leo: Mchaga na Mpare wanaweza kutukanana mbele ya watu na wakaondoka wakicheka. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika njia za misafara, wakawa watani. Sharti ni zamu. Mtani hutania, naye hutaniwa, na msibani hujitokeza kusaidia. Mchekeshaji wa televisheni anayeiga lafudhi ya kabila lilelile kila Jumapili bila kujibiwa hana mtani. Ana windo.

Darasani zamu hiyo hupangwa kwa urahisi: kisanduku cha kwanza umcheke mjomba wako, kabla hujamgusa mjomba wa mtu.

"Asiyetembea hudhani mama yake ndiye mpishi bora."

Kweli. Methali hii inasemwa katika lugha nyingi za Afrika Mashariki, na watafiti wameifikia kwa njia ndefu. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana na watu wa jamii nyingine hupunguza chuki, hasa watu hao wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na baraka za wenye mamlaka. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515, wakakuta kwamba kwa kawaida ndivyo ilivyo.

"Warsha moja inatosha."

Uongo. Isome tena orodha ya Allport. Nusu siku moja ya kuchora, cheti, soda na picha ya pamoja haigusi hata nusu yake. Hadhi sawa maana yake anayejua kuchora asiwe bosi wa anayejua kusimulia. Lengo moja maana yake kikundi cha watoto wanne kina ukurasa mmoja, si kila mmoja na wake. Baraka za wenye mamlaka maana yake mwalimu mkuu mwenyewe aje kuusoma ukuta, tena asiharakishe. Kisha kazi irudiwe muhula unaofuata, na kurasa za Mavoko zipelekwe Mwala, za Mwala zije Mavoko, kila shule ikiandika pembeni kwa penseli pale isipokubali ilivyochorwa.