Babu, simba mwenye mabawa na daftari la ndege

Tulikwenda Kilosa kwa shughuli nyingine kabisa, nayo ilikwisha mapema. Baada ya swala ya Alasiri mwenyeji wetu alitukaribisha kwenye baraza ya nyumba yake, na hapo tukakuta mabishano ambayo, kwa maelezo ya mama wa nyumba, yalikuwa yamedumu zaidi ya mwaka mmoja.

Upande mmoja alikuwa babu wa nyumba hiyo, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini, ambaye ujanani alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Upande wa pili walikuwa wajukuu zake watatu, mkubwa wao binti wa kidato cha tatu. Wote wanne wana maradhi mamoja: ikisikika ngurumo angani, hakuna anayebaki chini ya paa. Lugha yetu imeyapa jina moja kiumbe chenye manyoya na chombo cha chuma, kwa hiyo akisema mtu kwamba anapenda kutazama ndege, katika wilaya yenye mbuga ya Mikumi atadhaniwa anawazungumzia korongo na tai. Babu hana tatizo hilo. Yeye husema eropleni.

Wajukuu wana daftari, na daftari hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Ni daftari la shule la kawaida, lililopigwa mistari kwa rula. Kila ndege waliyoiona ina tarehe, saa, upande ilikotoka na ilikoelekea, idadi ya injini kama zilionekana, kama mabawa yako juu ya kiwiliwili au chini yake, na kama iliacha mstari mweupe. Safu ya mwisho ina kichwa cha maneno mawili: Nani aliona. Tulipouliza asili ya safu hiyo, binti alijibu kwa utulivu kwamba mwalimu wao wa madrasa aliwafundisha kuwa habari haipokelewi mpaka ijulikane imepokewa kwa nani, naye kwa nani. Akaona sheria hiyo inafaa hata kwa ndege. Mdogo wake aliwahi kuandika helikopta tatu kwa siku moja. Alipoulizwa nani mwingine aliziona, tatu zikawa moja.

Lililokuwa likibishaniwa ni hili. Babu amekuwa akisimulia, miaka nenda rudi, kwamba alipakia mizigo katika eropleni iliyochorwa simba mwenye mabawa, na kwamba ukiingia ndani yake ilikubidi upande kama unayepanda kilima, ilhali eropleni yenyewe imesimama chini wala haijaruka. Wajukuu walipoanza daftari lao walitaka kumwandika. Kisha wakasita. Simba hana mabawa, na hakuna ndege waliyoiona kwenye simu zao ambayo sakafu yake ni mlima. Hawakumwita mwongo, hilo lisingetamkika katika nyumba ile. Walisema tu kwamba habari hiyo haina shahidi wa pili, wakaliacha jina lake nje ya daftari.

“Mzee akanyamaza,” mama alituambia, pembeni, alipokuwa akileta chai. “Si kuhusu ndege tu. Alinyamaza hadithi zote. Watoto wanadhani amesahau. Mimi najua ameudhika.”

Bahati ilikuwa upande wa mzee, kwa kuwa mmoja wetu alikulia katika nyumba iliyohifadhi kalenda za zamani za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likianza na ndege ndogo sita za mabawa mawili yaliyopandana, zilizoitwa Dragon Rapide. Nembo yake ilikuwa simba anayeruka, mwenye mabawa. Haikuchukua dakika tano kuipata picha yake kwenye simu. Wajukuu waliinamia kioo kile kwa muda, bila kusema neno. Babu hakuinama. Aliendelea kunywa chai yake, akasema tu, “Mkia wake umeinuka, sivyo?”

La kilima nalo lina jibu, nalo ni zuri zaidi, kwa sababu hakuna anayeweza kulibuni ambaye hakuingia humo. Ndege anayoieleza mzee ni DC-3, ambayo watu wa kizazi chake waliijua kwa jina la Dakota. Iliruka mara ya kwanza huko Marekani tarehe 17 Desemba 1935, na zikatengenezwa zaidi ya 10,000, nyingi kwa ajili ya Vita ya Pili ya Dunia. Ndege za siku hizi husimama kwa gurudumu la mbele chini ya pua, hivyo sakafu yake hulala sawa. Dakota ilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele na kijigurudumu kidogo chini ya mkia. Ikisimama, pua hutazama mbingu na mkia hukaa chini. Mlango uko nyuma. Abiria na mpakiaji huingia wakipanda. Mzee alikuwa ameshuhudia umbo la ndege kwa misuli ya miguu yake, magunia yakiwa begani.

Binti aliuliza swali ambalo tulilitarajia. Je, Babu anakumbuka namba ya usajili? Hakumbuki. Hakuna aliyemwambia kwamba ingekuja kuhitajika.

Namba hiyo ni jambo dogo lenye uzito. Kila ndege ya kiraia duniani huandikwa ubavuni herufi zinazotaja nchi yake: ya Tanzania huanza kwa 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X. Kabla ya uhuru wetu Tanganyika ilitumia VR-T. Wapo watu, hasa Uingereza, wanaosimama kando ya uzio wa viwanja kwa miaka mingi wakiandika herufi hizo tu, na majirani zao huwaona kama waliopungukiwa kazi. Sisi pia tuliwahi kuwaona hivyo. Lakini tazama walichotuhifadhia. Tangu mwaka 1966 Shirika la Afrika Mashariki lilipata ndege kubwa za Super VC10, zenye injini nne zilizobanwa mkiani, na idadi yake ikafika tano. Mbili kati ya hizo zilisajiliwa Tanzania: 5H-MMT na 5H-MOG. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya yenyewe, ndege nne zilizobaki zilirudi Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa matangi ya kuzijazia mafuta ndege nyingine angani. Zilipakwa rangi upya, zikapewa namba mpya. Kwa mtu asiyeandika, simulizi ingeishia hapo.

Walioandika waliendelea. Kwa madaftari yao tunajua kwamba 5H-MOG ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa kiwandani, na kwamba leo imehifadhiwa Dunsfold, Uingereza, ikiwa na namba ya kijeshi ZA150. Tunajua pia kwamba tarehe 25 Septemba 2013, VC10 ya mwisho kuruka duniani ilitua Bruntingthorpe ikiwa na namba ZA147. Nayo si nyingine ila 5H-MMT. Yaani ya mwisho kuzaliwa na ya mwisho kutua, zote mbili ziliwahi kubeba herufi za Tanzania. Tulipomaliza kulisema hili pale barazani, mjukuu wa kiume alikuwa tayari ameliandika, na katika safu ya mwisho akatuandika sisi, tena kwa tahadhari: Wageni wamesema.

Kesho yake tulikuwa na gari la kwenda Mikumi, na familia ikaomba ifuatane nasi. Babu alipewa kiti cha mbele. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi hupita mahali panapoitwa Ulaya, na kila mwenyeji wa wilaya hii hapitwi na nafasi ya kumkumbusha mgeni kwamba hapa mtu hufika Ulaya bila pasipoti wala ndege. Tulikumbushwa mara mbili.

Njiani tulijifunza mchezo wao mwingine. Wana ramani ya dunia na rula. Huchora mistari minyoofu kati ya miji, kisha hutazama ni ipi inayopita juu ya kwao. Mstari wa Dar es Salaam na Iringa unapita karibu sawasawa na Mikumi. Wa Dar es Salaam na Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa mwaka 2012, unapita kusini kidogo. Wa Dar es Salaam na Dodoma unapita kaskazini ya Kilosa. Ukiunganisha Doha na Johannesburg, rula inaigusa wilaya yao. Rubani hulazimika kufuata njia alizopangiwa, lakini mstari wenyewe uko hapo. Uliowapendeza zaidi ni wa Dar es Salaam na Jeddah. Miji hiyo miwili iko karibu juu ya longitudo moja, 39, hivi kwamba ndege ya mahujaji ikiruka kutoka Dar es Salaam huelekea karibu kaskazini halisi, upande uleule ambao mtu wa Kilosa huuelekea anaposimama kuswali, akipinda kidogo tu kuume.

Mistari meupe nayo wanaijua sababu yake. Injini ikichoma mafuta hutoa mvuke wa maji. Katika kimo cha kilomita kumi au kumi na moja baridi ni kali kiasi kwamba mvuke huo huganda papo hapo kuwa chembe za barafu. Ndege ya pangaboi kama Q400 ya Air Tanzania, ambayo hairuki juu kiasi hicho, kwa kawaida haiachi kitu. Na hapa binti alitufundisha jambo ambalo hatukulijua. Q400 na ATR hufanana sana kutoka chini: injini mbili za pangaboi, mabawa juu, mkia wenye umbo la herufi T. Ukitaka kuzitofautisha, asema, subiri zitue. Q400 huteremsha miguu mirefu kutoka chini ya injini zake. ATR huiteremsha kutoka tumboni.

Baba yao aliingilia kati kwa neno ambalo wazazi wanaosoma ukurasa huu watalithamini. Hawaruhusu watoto kupiga picha za viwanja vya ndege, na hasa karibu na eneo la jeshi, bila idhini ya wahusika. Si hofu ya bure. Novemba 2001 Waingereza kumi na wawili na Waholanzi wawili walikamatwa Ugiriki kwa kuandika namba za ndege kwenye maonyesho ya kijeshi, wakatuhumiwa ujasusi, wakahukumiwa mwaka uliofuata, na hawakuachiwa huru na mahakama ya rufaa ila Novemba 2002. Daftari na penseli ndivyo vilivyowaponza.

Langoni Mikumi tulilipa kiingilio, tukaeleza shida yetu, na askari wa hifadhi akaonekana kufurahi kuwapata wageni wasiouliza simba yuko wapi. Kiwanja cha ndege hakiko mbali na makao ya hifadhi. Ni ukanda ulionyooka katikati ya nyasi, na pundamilia huuona kuwa malisho yao. Kabla ndege haijatua, gari hutangulia kuwaondoa wanyama. Na rubani mwenye busara hupita kwanza chini chini, atazame kwa macho yake, ndipo azunguke arudi.

Ilikuja kutoka mashariki, tukaisikia kabla hatujaiona. Watoto walishindana kuitaja: injini moja puani, mabawa juu yaliyoshikwa na nguzo, magurudumu yasiyokunjwa. Ni Caravan, aina iliyoanza kuruka mwaka 1982 na ambayo sasa ndiyo basi la mbuga zetu nyingi. Ilipita chini, nyumbu wawili wakakimbia, ikazunguka, ikatua na kuinua vumbi. Babu alikuwa ameshuka garini, kwa ruhusa ya askari, akisimama ameshika mlango. Alitazama abiria wakishuka ngazi fupi.

“Sakafu yake iko sawa,” akasema. “Wapakiaji wa siku hizi wamestareheshwa.”

Kisha, bila kuulizwa, akaanza. Akasema namna Dakota ilivyowashwa injini moja kwanza, ikakohoa moshi, ndipo ya pili. Akasema harufu ya mafuta ilivyoganda kwenye kanzu hata baada ya kufuliwa. Akawataja wenzake wawili wa zamu, wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na jinsi mmoja wao alivyokuwa akihesabu magunia kwa sauti ya kuimba ili asikosee. Mama alimtazama mumewe. Hakuna aliyemkatiza mzee, hata injini ya Caravan ilipozimwa na sauti yake ikabaki peke yake uwanjani.

Binti alikuwa amefungua ukurasa mpya, akaandika akiwa ameliegemeza daftari kwenye boneti ya gari. Tulimchungulia. Aina: Dakota. Mahali: Dar es Salaam. Injini: mbili. Mabawa: chini. Alama: simba mwenye mabawa. Penye namba ya usajili aliacha nafasi wazi, herufi tano zingetosha kuingia. Tarehe aliiuliza, na mzee akafikiri sana kabla ya kusema ni baada ya uhuru, msimu wa mvua za masika, mwaka hana hakika nao. Akaandika hivyo hivyo. Penye Nani aliona, akaandika: Babu.

Mzee aliomba asomewe. Alisomewa. Akamrudisha kwenye mstari wa injini, akasema aongeze kwamba ya kushoto ilikuwa ikivuja.