Duka la mtandaoni: tulifungulie wapi?



Siku hizi swali linalorudi kwa vijana wetu, na hata kwa mama zetu wanaoshona mifuko ya kitenge, ni hili: mwalimu, tukitaka kufungua duka kwenye intaneti, tuchague kampuni gani? Swali ni zuri. Hapa Mantapala, tangu makazi yafunguliwe mwaka 2018, tunauziana sisi kwa sisi, na sote hatuna pesa. Mteja mwenye kwacha yuko Kashikishi, Puta, Mansa, Lusaka. Wewe kutoka unahitaji karatasi ya ruhusa. Picha ya mfuko haihitaji karatasi.

Ziko kampuni zinazokupa duka tayari. Hulazimiki kujua kompyuta. Wao wanalitunza, wewe unaweka picha na bei. Ni kama kupanga chumba sokoni. Inayosikika zaidi ni Shopify ya Kanada, iliyoanza 2006. Inadai ada kila mwezi, uuze usiuze. Tuseme ada ni kwacha 600 na kila mfuko unakuachia faida ya kwacha 40: basi mifuko 15 ya kwanza ya kila mwezi unamshonea mwenye duka. Big Cartel ya Marekani ni bure kwa vitu 5. Hapo vijana wanafurahi sana, bure!

Lakini ngoja kwanza. Uliza: pesa ya mteja itanifikiaje mkononi? Big Cartel inapokea malipo kwa njia ya Stripe na PayPal, na Stripe haifungui akaunti kwa muuzaji wa Zambia. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haifanyi kazi hapa. Inabidi uunganishe kampuni nyingine, na mara nyingi hiyo itakuomba akaunti ya benki na karatasi za kuandikisha biashara. Wangapi kati yetu tuko nazo? Duka linaweza kupendeza na mteja akashindwa kulipa.

Mteja wa Kashikishi analipa kwa Airtel Money au MTN. Kwa hiyo mimi kwa sasa ningechagua WhatsApp Business. Ni programu ya bure, ilitoka 2018, na tangu 2019 ina katalogi: picha, bei, maelezo, hadi vitu 500. Mnapatana bei, anatuma pesa kwenye simu, mzigo unapanda basi. Anayeuza chisense iliyokaushwa akumbuke tu kwamba uvuvi Mweru unafungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, asipokee pesa ya samaki ambaye hayupo.

Ugumu wa WhatsApp uko kwenye laini. Wengi wetu tunatumia laini iliyoandikishwa kwa jina la jirani au rafiki. Siku mkigombana, pesa ni yake na duka ni lake. Laini iandikishwe kwa jina lako, hata kama itachukua safari mbili. Tena usiiache ilale: akaunti isiyotumiwa siku 120 WhatsApp huifuta. Na ule ujumbe wa «umepokea pesa» usiuamini mpaka umeangalia salio mwenyewe, maana wezi wanauandika kwa mkono. Namba ya siri haombwi mtu, hata akisema ni wa kampuni.

Jambo la pili: andika majina na namba za wateja kwenye daftari. Maduka haya yanafungwa. Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019. Kule Kenya, Sky.Garden, iliyokuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo duka la mtandaoni, ilitangaza kufilisika 2022. Lipa Later ikainunua, na 2025 Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi. Muuzaji mwenye daftari alianza upya mahali pengine. Asiye na daftari, wateja wake walibaki ndani ya duka lililofungwa.

Kwa wanaotaka soko la Ulaya, peke yako ni ngumu. UNHCR ina mpango unaoitwa MADE51, ambapo shirika la biashara la nchi husika linasimamia oda na usafirishaji. Tanzania, WomenCraft inafanya kazi hivyo na mama wakimbizi wa Burundi wanaosuka vikapu. Mama wa cherehani, mkiwa kikundi, mtaje jina hilo mnapokutana na maofisa.

Mwenye simu ya WhatsApp anayetaka kuonyeshwa katalogi anione shuleni baada ya masomo ya mchana. Aje na simu yenye chaji, na bidhaa moja ya kupiga picha.