Maji ya Kwetu, Tiketi ya Jinja

Basi likipunguza mwendo pale njia panda ya Tinde, vichwani mwa wauzaji utaona kwanza trei za mayai ya kuchemsha, halafu karanga, halafu vifuko vya michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Biashara ina dakika mbili tatu, dirisha likifungwa imekwisha. Hapa ndipo barabara itokayo Dar es Salaam kwa kupitia Dodoma, Singida na Nzega inapogawanyika: ya kulia inakwenda Shinyanga na Mwanza, ya kushoto inakwenda Isaka, Kahama na kuishia Rusumo, mpakani na Rwanda. Malori ya Kigali na Bujumbura, mabasi, magari ya migodini na mara moja moja Land Cruiser ya watalii, yote hupita hapa. Tinde inaishi kwa wapita njia, na mpita njia hununua kile kinachoenea dirishani.

Ukishika barabara ya kulia, ukaipita Mwanza na kuelekea Musoma, utavuka Mto Simiyu wilayani Magu. Ukishika ya kushoto hadi mwisho, utavuka Kagera pale Rusumo. Mito yote miwili inamwaga maji Ziwa Victoria, na maji hayo hutokea upande wa pili, Jinja nchini Uganda, yakiwa na jina la Nile. Huko ndiko watu wanakolipa kuyatazama.

Na wanalipia nini hasa? Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika pale Julai 28, 1862, akayakuta maporomoko aliyoyaita Ripon. Leo hayapo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, maji yalipanda yakayafunika. Mgeni wa siku hizi anakuta mto mtulivu, mnara wa Speke kwenye ukingo wa magharibi, bustani kwenye ukingo wa mashariki, na boti za mbao zenye injini za nyuma zikisubiri abiria wajae. Nahodha anazima injini karibu na kisiwa kidogo chenye kibao kinachotangaza kuwa hapa ndipo Nile inapoanzia, anawaonyesha wageni maji yanayobubujika kutoka chini, na mwongozaji anasimulia kuwa tone linaloondoka hapa litafika Bahari ya Mediterania baada ya miezi mitatu. Picha zinapigwa. Boti inageuza. Kwa macho ya mhasibu, bidhaa iliyouzwa pale ni kibao na hadithi, na inauzika kila siku ya wiki.

Jinja haikuishia kwa Speke. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa katika mto huo mwaka 1948, na mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India wakati huo, Inder Kumar Gujral, alizindua sanamu ya Gandhi bustanini. Hapo mgeni kutoka India akapata sababu yake ya kukata tiketi ileile. Mwaka 1996 ikaanza biashara ya kushuka maporomoko kwa boti za mpira, na jina la Jinja likasambaa kwa vijana wenye mabegi mgongoni kutoka Ulaya, Australia na Marekani.

Lakini mwenye mto wa Jinja ni umeme. Maporomoko ya Bujagali, yaliyokuwa moyo wa biashara ya boti za mpira, yalifunikwa mwaka 2011 kwa ajili ya mtambo wa megawati 250. Mwaka 2019 ukazinduliwa mtambo wa Isimba, megawati 183, na maporomoko mengine yakazama. Kila bwawa lilipofungwa, kampuni za boti zilihamia chini zaidi ya mto, zikafupisha safari, zikaongeza safari za jioni kwenye maji yaliyotulia kwa ajili ya familia na watu wasiotaka kulowa. Ni biashara iliyozoea kuishi kwa masalia ya Wizara ya Nishati. Atakayewekeza kwenye mto wowote wa Afrika Mashariki ajue kwamba megawati zitapita mbele yake kwenye foleni.

Kinachoishikilia Jinja kuliko Speke, Gandhi na boti zote ni kilomita takriban 80 tu kutoka Kampala. Shule inaondoka asubuhi, inatazama mto, inakula na inarudi kabla ya usiku. Kwaya za makanisa, wafanyakazi wa ofisi, wageni wa harusi, wote wanaweza. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo haina fedha ya kitanda, ambayo kwenye utalii wa kawaida ndiyo donge nono. Faida inatoka kwenye wingi wa vichwa na kwenye chakula cha mchana, pamoja na mambo madogo yanayosahauliwa na wapangaji wa utalii: maegesho, kivuli na choo safi. Hilo la choo si mzaha. Dereva wa basi la wanafunzi huchagua mahali pa kusimama kwa choo kwanza, vivutio baadaye.

Sasa tuirudie Tinde na jirani zake, maana nusu ya kwanza ya hadithi ya Jinja ilitendeka huku. Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, Julai 9, 1858, akapita Unyamwezi na Usukuma akiwa na Sidi Mubarak Bombay, na Agosti 3 akaliona ziwa kutoka vilima vya Mwanza. Yule Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa huko India, alikuwa naye tena miaka minne baadaye safari ilipofika Jinja, na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku nishani ya fedha. Henry Morton Stanley naye alikatiza bonde la Manonga, akafika Kageye kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke Februari 27, 1875, akaishusha majini boti yake, Lady Alice, iliyokuwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Stanley aliamini kuwa maji ya Manonga yanaungana na Simiyu, na kwamba hapo ameipata chemchemi ya kusini kabisa ya Nile. Alikosea. Manonga, mto unaopakanisha Shinyanga na Tabora, unakwenda Wembere, na maji yake yanaelekea maziwa ya Kitangiri na Eyasi, yasiione Misri milele. Kwa maoni yangu kosa hilo lenyewe ni mali. Kuna miji duniani inayolisha watu wake kwa hadithi nyembamba kuliko hiyo.

Manonga ina jambo jingine. Katika miaka ya 1990 timu ya Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York ilichimba visukuku katika bonde hilo: jamaa wa kale wa tembo, viboko, nguruwe pori, wa kati ya miaka milioni 4 na milioni 5.5 iliyopita. Mojawapo ya matabaka ya mwamba waliyoyaeleza linaitwa Tinde. Jina hilo wanalijua wanasayansi walio mbali, ilhali mtoto wa shule anayepita na mayai dirishani huenda hajawahi kuambiwa. Tatizo la kibiashara ni kwamba Manonga ni mto wa msimu. Masika unafurika na kujaza majaruba ya mpunga, kiangazi unabaki mchanga. Mtu asijidanganye kuweka boti pale.

Wateja wapo. Mwaka 2024 Tanzania ilihesabu watalii wa nje zaidi ya milioni 2.1, na wa ndani zaidi ya milioni 3.2. Mikoa ya huku kusini mwa ziwa ina fedha ya mgodi na ya mazao: Mgodi wa Dhahabu wa Geita, Bulyanhulu, almasi ya Mwadui ambayo imechimbwa tangu 1940, pamba, mpunga, na Kahama ambayo kwa biashara inaishinda miji mingi iliyo makao makuu ya mikoa. Fedha hiyo mwishoni mwa wiki inakwenda kwenye nyama choma na mpira wa kwenye runinga, kwa kuwa hakuna aliyeiwekea njia nyingine.

Vituo vipo pia, ila vimetawanyika. Jijini Mwanza kuna Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Njia ya Musoma, Kisesa, kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Mbele yake ni Simiyu na Kageye. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na mtu wa Geita aliyekuwa akipoteza saa kwenye foleni ya kivuko sasa anavuka kwa dakika chache. Watu wa Geita wamefunguliwa mlango wa Mwanza. Waliokuwa wakiuza samaki na soda kwenye foleni ya kivuko wamepoteza wateja waliokuwa wamelazimika kusimama, na sasa watahitaji wanaosimama kwa hiari.

Rusumo ni habari tofauti. Kutoka Tinde si safari ya siku moja. Inawafaa zaidi watu wa Ngara na Biharamulo. Pana maporomoko, pana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na ndipo mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walipovuka kwa siku moja kuingia Ngara. Mahali kama hapo panahitaji mwongozaji anayejua lini azungumze na lini anyamaze, na huyo hapatikani kwa semina ya siku mbili.

Anayetaka kuanza atakutana na leseni ya biashara ya utalii kwa kampuni yake, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa usalama wa chombo chochote kitakachobeba abiria majini. Ndiyo maana ningeanza na nchi kavu, na ningeanza mwezi Juni. Wakati huo mavuno yameingia, watu wana fedha, na Bujora kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya wachezaji wa Kisukuma, wanashindania umati. Kundi likitoka Shinyanga au Tinde alfajiri linaweza kuiona Bujora asubuhi, kusimama Simiyu kusikia kosa la Stanley, na kula samaki Magu kabla ya kurudi. Koasta zinazokodishwa kwa harusi na misiba zitatosha kabisa. Inabaki kazi ya kukusanya nauli wiki mbili mapema, kupiga simu Bujora kuulizia ratiba ya ngoma, na kuagiza chakula cha watu 25 kabla hawajapanda gari.