Seti za sarafu za Canada: Mwaka uliozaliwa unaweza kukupa faida au hasara

MTU anapotimiza miaka 50 au 60 nchini Canada, si ajabu ndugu zake wakamletea bahasha ndogo yenye sarafu sita zilizofungwa katika plastiki, zote za mwaka aliozaliwa. Zawadi hiyo imezaa biashara yake. Wapo wanaoitafuta kwa ajili ya mtoto, wapo wanaoitafuta kwa ajili ya mzazi, na wapo wanaoinunua wakiamini kuwa kitu cha zamani lazima kipande bei.

Imani hiyo ya mwisho ndiyo inayowaumiza wengi. Gunia la mahindi likikaa ghalani miaka mitatu halipandi bei kwa sababu ya umri. Linaliwa na dumuzi. Sarafu haziliwi na dumuzi, lakini umri peke yake hauziongezei shilingi. Mwenye ndugu Toronto aliyetumiwa seti kama hiyo, au anayefikiria kuinunua akiwa huko huko, anapaswa kwanza kujua ameshika nini.

Seti ya kawaida ya miaka ya 1950 na 1960 ina senti 1, senti 5, senti 10, senti 25, senti 50 na dola 1. Ukijumlisha unapata dola 1 na senti 91 za Canada. Zilitengenezwa Ottawa, katika kiwanda cha sarafu kilichofunguliwa mwaka 1908 kama tawi la kiwanda cha kifalme cha Uingereza, na ambacho mwaka 1931 kilikabidhiwa kwa Canada yenyewe. Sarafu za seti ziligongwa kwa uangalifu zaidi kuliko zile za kwenda sokoni, ndiyo maana zinang'aa hadi leo.

Katika hizo sita, nne zina madini ya fedha: senti 10, 25, 50 na dola. Kuanzia mwaka 1920 hadi katikati ya miaka ya 1960, sarafu hizo zilikuwa na asilimia 80 ya fedha. Dola moja ina wakia 0.6, senti 50 ina 0.3, senti 25 ina 0.15 na senti 10 ina 0.06. Jumla ni wakia 1.11 kwa seti nzima, ambapo wakia ya madini ni gramu 31.1. Kwa hiyo kama wakia inauzwa dola 30 za Marekani, fedha iliyomo ni dola 33 na senti 30, hata kama mnunuzi hajali kabisa sarafu hizo ni za mwaka gani. Hesabu hiyo ni ya dakika moja, lakini wengi wanaouza hawaifanyi.

Mavuno makubwa ya 1965

Kinachofuata ni idadi, na hapa ndipo mwaka wa kuzaliwa unapoanza kuwa na maana kibiashara.

Mwaka 1954 kiwanda cha Ottawa kilitoa seti zipatazo 3,000 tu. Mwaka 1960 zilikuwa kama 64,000. Mwaka uliofuata zilifika 98,000, na mwaka 1962 zikavuka 200,000. Kisha watu wakapagawa. Magazeti ya Marekani na Canada yalijaa habari za waliotajirika kwa sarafu, na wananchi wa kawaida wakaanza kununua seti kwa mafungu na kuzihifadhi kabatini wakisubiri bei. Mwaka 1963 zilitoka kama 670,000, mwaka 1964 zikafika milioni 1.65, na mwaka 1965 zikafika milioni 2.9.

Mkulima aliyeishi Kagera au Uganda wakati wa vanila hahitaji kuelezwa kilichotokea. Bei ya vanila ilipopaa mwaka 2003, kila mwenye kishamba alichomeka miche, na mavuno yalipoingia sokoni bei ikaporomoka. Kwa sarafu za Canada mambo yalikuwa hayo hayo. Soko lilianguka katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1966 seti zilizotolewa zilishuka hadi kama 670,000.

Tofauti ni kwamba vanila isiyouzwa huharibika, na soko hupumua tena. Seti za 1964 na 1965 hazikuharibika. Zilinunuliwa ili zihifadhiwe, zikahifadhiwa, na miaka 60 baadaye bado zinatoka kabatini kila mzee anapofariki na watoto wakagawana mali. Hivyo aliyezaliwa mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, 1961, ana seti iliyotolewa kwa idadi ndogo mara 17 hivi kuliko ya mdogo wake aliyezaliwa mwaka wa Muungano, 1964. Kwa macho seti hizo mbili hazina tofauti kubwa, na madini yake ni yale yale.

Haina maana kwamba wa 1965 wakate tamaa. Dola za mwaka huo zina aina kadhaa, kutokana na ukubwa wa vitone vilivyozunguka ukingo na umbo la tarakimu ya 5. Dola ya 1966 yenye vitone vidogo ni adimu sana. Zinazojulikana hazizidi mia chache. Anayeuza seti bila kuangalia ukingo kwa kioo cha kukuzia anaweza kuuza ng'ombe kwa bei ya kuku.

Wazee wa 1948

Kwa waliozaliwa kabla ya mwaka 1953 hali ni nyingine kabisa, kwani seti za namna hii zilikuwa hazijaanza kuuzwa kwa umma. Sarafu zao hutafutwa moja moja.

Mwaka mgumu kuliko mingi ni 1948, na sababu yake ilianzia mbali. India ilipopata uhuru mwaka 1947, Mfalme George wa Sita hakuwa tena Mfalme Mkuu wa India, na maneno ya Kilatini yaliyoonyesha cheo hicho yalitakiwa kuondolewa kwenye sarafu za Canada. Mihuri mipya ya kugongea ilichelewa. Ottawa ikaendelea kugonga sarafu mwaka 1948 kwa kutumia tarehe ya 1947, ila ikaongeza jani dogo la mti wa mepo pembeni ya tarehe ili kuzitofautisha. Mihuri mipya ilipofika, mwaka ulikuwa umeyoyoma, na dola za 1948 zilizogongwa ni 18,780 tu.

Mjukuu anayetaka kumtafutia babu yake dola ya 1948 ajiandae kwa gharama. Aidha, ajihadhari, kwa sababu penye uhaba wa namna hiyo ndipo penye bidhaa za kughushi.

Waliozaliwa baada ya fedha kuondolewa

Mwaka 1967 Canada iliadhimisha miaka 100 ya shirikisho lake, na sarafu zote sita zikapewa picha za wanyama zilizochorwa na msanii Alex Colville: njiwa, sungura, samaki, paka mwitu, mbwa mwitu na bata bukini. Mwaka huo huo bei ya fedha duniani ilianza kuibana serikali, na kiwango cha madini hayo katika senti 10 na 25 kikapunguzwa hadi asilimia 50. Kufikia Agosti 1968 fedha iliondolewa kabisa katika sarafu za matumizi na nikeli ikachukua nafasi yake.

Aliyezaliwa 1967 ana bahati ya pekee. Pamoja na seti ya kawaida, kiwanda kiliuza seti maalumu katika kasha jeusi ikiwa na sarafu ya saba, ya dhahabu, ya dola 20. Bei yake ilikuwa dola 40 za Canada. Dhahabu iliyomo ni zaidi kidogo ya nusu wakia, na kwa kuwa wakia ya dhahabu ilivuka dola 4,000 za Marekani mwaka 2025, sarafu hiyo moja ilifikia zaidi ya dola 2,000 kwa madini tu. Na hiyo ilitolewa kwa zaidi ya 300,000, si kitu adimu.

Kwa miaka ya 1970 hakuna mengi ya kusema. Seti za nikeli ni nyingi na rahisi, zinafaa kama kumbukumbu. Isipokuwa senti 25 za mwaka 1973 zilizoadhimisha miaka 100 ya polisi wa farasi: chache kati yake zina sura kubwa ya Malkia, na hizo hutafutwa sana.

Mnunuzi aangalie nini

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kudanganywa na kasha. Baadhi ya wauzaji huokota sarafu sita za mwaka mmoja zilizokwishapita mikononi mwa watu, huzipanga katika kasha jipya la kupendeza na kuziita seti ya mwaka wa kuzaliwa. Kisheria si utapeli, lakini si seti ya kiwandani. Seti halisi ya miaka ya 1960 imo katika plastiki nyembamba iliyofungwa kwa joto, na inakuwa na thamani zaidi ikiwa na bahasha yake ya awali.

Kosa la pili hufanywa na mwenye mali. Anaona wingu juu ya sarafu, anafungua plastiki, anasugua kwa dawa ya meno au jivu. Zinang'aa kweli, lakini mnunuzi mzoefu huona mikwaruzo mara moja na kushusha bei. Mifuko laini ya plastiki yenye kemikali za PVC nayo huacha utando wa kijani unaokula chuma.

Tatu ni pengo la bei. Anayenunua dukani na kurudi kuuza duka lile lile wiki inayofuata atapata pungufu, kwa sababu dalali anaishi kwa tofauti hiyo. Asiyeweza kukaa na seti kwa miaka asiinunue kama akiba.

Bei ya fedha yenyewe ilipofika karibu dola 50 za Marekani kwa wakia mwaka 1980, sarafu nyingi za zamani ziliishia kwenye tanuru. Oktoba 2025 bei hiyo ilivukwa. Sheria ya Canada inakataza kuyeyusha sarafu halali bila leseni, lakini hakuna sheria inayokataza kukata plastiki na kuuza sarafu kwa kupima uzito, na bei ya madini inapoishinda bei ya wakusanyaji, seti za 1964 na 1965 ndizo za kwanza kukatwa. Idadi iliyotoka Ottawa miaka hiyo inajulikana. Zilizobaki zikiwa nzima ndani ya bahasha zao hakuna anayezihesabu.