Mji Mkongwe baada ya Magharibi: namna ya kupiga picha za mji wa kale ulio kando ya bahari

Ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuanzia ncha ya Shangani, kupitia Forodhani, hadi barabara ya Mizingani inayoelekea bandari ya Malindi, unatazama kaskazini-magharibi. Msafiri anayetaka kuupiga picha usiku aanze na jambo hilo kabla ya kufikiria kamera, kwa kuwa ndilo linaloamua mwanga utatoka wapi na utakaa kwa muda gani. Jua huzama baharini, mbele ya majengo. Kuta za Beit al-Sahel, Beit el-Ajaib na Ngome Kongwe hupigwa usoni na jua la mwisho, kisha huendelea kupokea wekundu wa magharibi kwa dakika chache, huku anga la mashariki nyuma yake likiwa limeshaanza kuiva giza. Mahali jua linapozamia nako huhama. Mwezi Juni huzama kaskazini kidogo ya magharibi, juu ya maji matupu kwa mtu aliyesimama Forodhani. Desemba husogea kusini na kushukia upande wa majengo ya Shangani.

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, na vinapozungumzia saa ya buluu, yaani kipindi kati ya jua kuzama na giza kamili, huacha dhana kwamba mpiga picha ana muda wa kutosha kutembea, kujaribu na kurudia. London mwezi Juni, jua huchukua takriban dakika 45 kushuka nyuzi 6 chini ya upeo wa macho. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ambako jua hudidimia karibu wima, na safari hiyo hiyo huisha kwa dakika 22 hivi. Saa ya kuzama haibadiliki sana: ni karibu saa 12:15 jioni mwezi Mei, na huchelewa hadi karibu saa 12:45 mwezi Februari. Kipindi chenye manufaa huanza takriban dakika 15 baada ya jua kuzama na huisha kabla ya dakika 35 kutimia. Adhana ya Magharibi hutangaza kwamba kipindi kinakaribia. Isha inapoadhiniwa, anga limeshakuwa jeusi.

Dakika hizo 20 ni za thamani kwa sababu ndipo mwanga wa anga na mwanga wa taa hukaribiana kwa nguvu. Kabla yake taa huonekana hafifu mno. Baada yake, paa, mnara na jahazi lililotia nanga hupotea ndani ya weusi, na kinachobaki kwenye picha ni madoa ya taa yasiyosimulia chochote kuhusu mji. Picha nyingi nzuri zinazoitwa za usiku hupigwa kabla usiku haujaingia. Mwanga wa anga katika kipindi hiki hupungua kwa nusu kila baada ya dakika tatu hivi, ilhali taa zinabaki vilevile, kwa hiyo vipimo vya kamera vilivyofaa mwanzoni haviwezi kuachwa bila kuangaliwa upya.

Ndiyo maana ni busara kuchagua mahali pamoja na kukaa hapo. Mawili yanafaa zaidi ya mengine. La kwanza ni karibu na Zahanati ya Kale huko Mizingani, jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan na kukamilika katika miaka ya 1890. Kutoka hapo, mtu akitazama kusini-magharibi hupata mkunjo wa ufukwe hadi Forodhani na Shangani, na nyuma yake anga la magharibi linalobaki na rangi kuliko sehemu nyingine yoyote. La pili ni mwisho wa Forodhani upande wa Shangani, kutazama kaskazini-mashariki. Huko buluu huja mapema na giza huwahi, hivyo anayependa mahali hapo lazima aanze kupiga dakika kadhaa kabla ya mwenzake wa Mizingani. Kufika alasiri, kutembea ufukwe wote mchana na kutafuta pembe ni sehemu ya kazi yenyewe. Duka la Capital Art Studio, lililofunguliwa mwaka 1930 na mpiga picha Ranchhod Oza, limehifadhi picha za zamani za mji huu, na kuzitazama ni somo zuri la pembe ambazo wakongwe walizipendelea.

Lakini picha za zamani zisichukuliwe kuwa ramani. Beit el-Ajaib, kasri lililojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash bin Said, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kiini cha takriban kila picha ya ufukwe huu, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na tangu hapo limekuwa mahali pa kazi za mafundi. Hata mnara wake wa saa una historia ya namna hiyo: uliongezwa baada ya mashambulizi ya manowari za Uingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 kuharibu sehemu ya majengo ya kasri. Mpiga picha mwangalifu hasubiri mji urudi kama ulivyokuwa kwenye kadi za posta. Picha inayoonyesha jukwaa la mafundi ni kumbukumbu ya kweli ya mwaka ilipopigwa, na wanaokuja watatuhukumu kwa kumbukumbu tulizowaachia.

Kinachosahaulika zaidi na wageni ni maji. Bahari ya Zanzibar wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na tofauti hiyo hubadili picha kuliko lenzi yoyote. Siku za mwezi mpevu na za mwandamo, maji hujaa karibu saa 10 alasiri na kupwa kabisa karibu saa 4 usiku. Kila siku inayofuata hujaa kwa kuchelewa kati ya dakika 40 na saa moja. Kwa hesabu hiyo, siku ya pili hadi ya nne baada ya mwezi mpevu maji huwa yamejaa karibu na Magharibi: yanagusa ukuta wa Forodhani, yanabeba taa zote juu ya mgongo wake, na vijana wa mjini hupokezana kuruka baharini kutoka ukutani. Wiki moja baadaye hali hugeuka, na saa ile ile ufukwe huwa wazi, wenye mchanga mbichi unaoakisi anga kwa utulivu ambao bahari yenyewe huutoa kwa nadra.

Vyombo navyo hufuata maji. Mashua inayoelea hucheza hata bahari ikiwa shwari, na ikipigwa kwa sekunde 10 hutoka imetikisika, mlingoti wake ukawa ukungu. Maji yakipwa, mashua na ngalawa hulala ubavu mchangani na hazisogei kabisa, hivyo zinaweza kupigwa kwa muda wowote. Anayetaka vyombo vinavyoelea vitoke wazi hana budi kufungua tundu la lenzi hadi f/2, kupandisha ISO hadi 1600 na kutumia kasi ya shata ya karibu 1/60, kisha akubali chenga kidogo. Picha yenye chenga inayoonyesha kamba, tanga lililokunjwa na baharia aliyeketi tezini ina maana kuliko picha laini ya mashua isiyo na umbo.

Mwezi mpevu una zawadi yake. Huchomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, maana yake huchomoza nyuma ya mji. Aliye nchi kavu Forodhani huupa mgongo. Aliye kwenye mashua mbele ya ufukwe huuona ukipanda juu ya mapaa, na majengo chini yake yangali na mwanga wa machweo. Tripodi haina faida ndani ya chombo kinachoyumba. Lenzi ya f/2.8, ISO 3200 na shata ya 1/60 ndiyo njia, pamoja na kupiga picha nyingi mfululizo ili moja iangukie wakati chombo kimetulia kati ya mawimbi mawili.

Nchi kavu, tripodi ndiyo chombo cha kwanza, hata iwe nyepesi ya msafiri. Kwa ISO 100 na tundu la f/8, muda wa kufungua shata katika kipindi cha buluu huwa kati ya sekunde 4 na 15. Kamera ifyatuliwe kwa kuchelewesha sekunde 2 au kwa rimoti, kizuia-mtikisiko cha lenzi kizimwe, na fokasi iwekwe kwa mkono juu ya taa au ukingo wa jengo, kwa kuwa fokasi ya kujiendesha hutangatanga gizani. Tundu likibanwa hadi f/11 au f/16, kila taa hutoa miale kama nyota. Lenzi yenye visu 8 vya kufungia tundu hutoa miale 8, yenye visu 9 hutoa 18. Urembo huo ni mzuri ukitumiwa kwa kiasi. Taa zikiwa nyingi, kama zilivyo Forodhani, miale hugongana na kuficha jiwe lenyewe.

Rangi inahitaji uamuzi. Taa za joto za mitaani na za hoteli huwa karibu Kelvin 2700 hadi 3000, na anga la machweo hupita 10,000. Kamera ikiachwa ijiamulie, mara nyingi hufuta tofauti hiyo na kuleta rangi iliyopooza. Kuiweka kati ya 3,500 na 4,000 huacha anga likiwa buluu na kuta zikiwa na rangi ya asali, ambayo ndiyo rangi jicho hukumbuka. Kuta za mji huu ni za mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa, na chokaa nyeupe hunywa rangi ya taa yoyote iliyo karibu: taa ya kijani ya duka huupaka ukuta mzima. Picha zihifadhiwe katika faili ghafi ili rangi iweze kurekebishwa baadaye bila kuharibika, na mwanga upimwe kwa kulinda sehemu zenye kung'aa. Kivuli huweza kuinuliwa. Taa iliyoungua haina kitu ndani yake cha kurudisha.

Wasafiri wengi hawana kamera ila simu, na simu za leo hazipaswi kudharauliwa. Hali ya usiku hupiga picha nyingi fupi na kuziunganisha kuwa moja, kwa hiyo mafanikio yake hutegemea simu kutotikisika. Ikiegemezwa juu ya ukuta wa ufukwe na kupewa sekunde tatu za kuchelewa, matokeo hushangaza. Udhaifu wake ni watu na vyombo vinavyotembea, ambavyo hutoka vipande vipande. Kukuza kwa vidole nako huharibu; ni afadhali kutembea kusogea karibu.

Giza likishakamilika, kazi huhamia kwa watu. Soko la chakula la Forodhani, katika bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kwa ufadhili wa mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, huwa limechangamka: mishikaki, pweza, urojo, juisi ya miwa na moshi wa majiko. Moshi huonekana vizuri taa ikiwa nyuma yake, hivyo mpiga picha husimama upande wa pili wa jiko kutoka ilipo taa. Flashi huua kila kitu hapa. ISO 3200, f/2 na 1/125 hutosha kwa mikono ya mchoma mishikaki iliyo karibu na balbu.

Hapa pia ndipo adabu inapopimwa. Muuzaji yuko kazini na mteja amekuja kula na familia yake. Hakuna kati yao aliyekuja kuwa pambo la safari ya mtu. Salamu hutangulia, shikamoo kwa mkubwa, kisha ombi, na jibu la hapana hupokelewa bila kubembeleza. Watoto hawapigwi bila idhini ya mzazi, wala wanawake kwa kuviziwa, wala waumini wanaotawadha au kutoka msikitini. Mwezi wa Ramadhani saa ya buluu ndiyo saa ya futari, na anayefuturu kwa tende na maji hastahili kusumbuliwa na lenzi. Bandari, Ikulu, kambi na vituo vya polisi havipigwi picha bila ruhusa, na droni nchini Tanzania zinahitaji kibali.

Vichochoro vya ndani ni somo jingine, lenye taa moja kali na giza refu. Njia rahisi ni kuificha taa nyuma ya kona au mlango, ili mwanga wake uonekane ukiteleza ubavuni mwa ukuta na kuamsha kila nakshi ya mlango na kila kovu la plasta. Ni vizuri kutembea wawili, mfuko ukiwa umefungwa, na kuwaachia nafasi wapitao, kwa sababu tripodi huziba njia nzima.

Hewa ya pwani ni adui wa vifaa. Kamera ikitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi nje, lenzi hufunikwa na ukungu papo hapo, na dakika zote za buluu huweza kuisha ukiwa bado haujakauka. Mfuko uwekwe barazani nusu saa kabla, ukiwa umefungwa. Usiku ukiisha, lenzi hufutwa kwa kitambaa safi, miguu ya tripodi iliyosimama mchangani husuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuachwa ikiwa imefunguliwa ikauke, na picha hunakiliwa kwenye diski ya pili inayosafiri katika mfuko tofauti na kamera kabla ya kupanda boti ya Dar es Salaam.