Shokapu za mbele: hesabu ya kubadili nyumbani

Kwa mwenye Toyota IST hapa Kahama, kubadili shokapu za mbele nyumbani si njia ya kuokoa fedha. Wanaolalamika kwamba fundi anakula hela ya bure ni wengi, lakini ukishika kalamu lalamiko hilo halifiki mbali.

Barabara kwanza. Ukiacha lami ya barabara kuu ya kwenda Rusumo ukashika changarawe za Msalala au Ushetu, unakutana na yale mawimbi madogo yanayotetemesha dashibodi. Tuseme yameachana sentimita 75. Kilomita moja ina mawimbi 1,333, na safari ya kilomita 70, kwenda na kurudi, inapita 93,000. Kila wimbi linaipandisha na kuishusha pistoni ndani ya shokapu. Mafuta yanapata moto, sili inalika, vumbi linamalizia. Shokapu ambayo kwenye lami ingefika kilomita 80,000 isikushangaze huku ikifa katika nusu ya safari hiyo.

Sasa fedha. Kwa mfano, fundi anataka shilingi 30,000 kwa pande zote mbili, na vifaa vya kufanya kazi kwa usalama (jeki ya magurudumu, stendi mbili, vibano vya springi na spana ya torki) vinakugharimu 250,000. Bei za mtaa wako zikiwa tofauti, weka zako. Spea utainunua kwa bei ileile, afunge yeyote, kwa hiyo unachookoa ni ufundi peke yake: vifaa vinarudisha hela yake kwenye kazi ya tisa. Ukibadili shokapu kila baada ya miaka miwili, hiyo ni miaka 18, na IST yenyewe huenda imeshauzwa mara mbili. Majirani wanne wakichangia, inashuka hadi miaka minne na nusu hivi. Hapo kuna mazungumzo.

Anayetaka kukwepa hesabu hiyo huanza kwa kuacha kununua vibano, ambavyo ndivyo vinavyolinda uso wake. Chukua springi inayohitaji kilo 2 kuibana milimita moja. Ukiibana milimita 150, inasukuma kwa nguvu ya kilo 300, na nishati iliyolala ndani yake ni kama ya mfuko wa saruji wa kilo 50 unaodondoka kutoka karibu nusu mita, ila yote inatoka kwa kufumba na kufumbua. Magari mengi yana nati tatu ndogo zinazoishikilia shokapu kwenye bodi, na moja katikati. Ya katikati haiguswi mpaka vibano viwili, kila kimoja upande wake, viwe vimeilegeza springi kabisa kwenye kikombe chake. Ukimwona mtu anafunga springi kwa waya au kamba, awe fundi au shemeji yako, chukua gari lako uondoke.

Kuna njia ya kuuruka mtego huo: kununua shokapu kamili, na springi yake juu, kama zinavyokuja nyingi za mtumba kutoka Japani. Hapo springi haifunguliwi. Umri wake huujui, basi kagua kama inavuja mafuta, na ununue jozi, kwa sababu shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulivuta gari kwenye breki.

Kunyanyua nako kuna tarakimu. IST ina uzito wa tani moja hivi, na takriban asilimia 60 iko mbele: kilo 600. Stendi za tani mbili zinatosha, tofali halitoshi hata likipangwa vizuri, kwa kuwa hupasuka bila kutoa taarifa. Kwenye uwanja wa udongo weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na stendi. Mpira wa breki usiachwe ukibeba uzito wa habu ya gurudumu.

Nati za magurudumu za Toyota ndogo hukazwa kwa torki ya niutoni-mita 103, yaani kilo 21 kwenye ncha ya spana ya nusu mita. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo anazidisha zaidi ya mara tatu. Ndivyo uzi wa bolti unavyokufa.

Ukimaliza, nenda kwenye alaimenti, kwa kuwa bolti mbili zinazoishikilia shokapu kwa chini zikifunguliwa, pembe ya gurudumu hubadilika. Gurudumu lililoelekea pembeni kwa nusu digrii linaburuzwa kando mita 8.7 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 10,000, tairi limesuguliwa ubavu kwa kilomita 87, na tairi mbili mpya zinazidi kwa mbali zile 30,000 za fundi. Baada ya kilomita 50 za kwanza, kagua tena nati za magurudumu.